Baskeli zisifungiwe nje ya lango la skuli

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linaloniumiza moyo, na ambalo kwa bahati njema bado halijaamuliwa.

Katika kikao cha wazazi cha skuli moja hapa Pemba, mzazi mmoja alisimama akapendekeza wanafunzi wapigwe marufuku kuja skuli na baskeli. Sababu yake haikuwa ndogo. Mtoto wa darasa la sita alishindwa kusimama kwenye mteremko siku ya mvua, akaingia mtaroni na kuvunjika mkono. Ukumbi mzima ulisikitika, na mikono mingi ikawa tayari kunyanyuka. Mwenyekiti akaahirisha uamuzi mpaka kikao kijacho. Naandika kabla kikao hicho hakijafika.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesomesha Hisabati na Sayansi katika skuli za msingi za Kaskazini Pemba, na hivi sasa watoto wa mtaani kwangu Jadida, Wete, huja barazani alasiri wakitoka chuo cha Kurani tukafanya masomo pamoja. Marehemu baba yangu alikuwa fundi baskeli. Nimekulia kwenye harufu ya solusheni na grisi, na kabla sijajua kuandika nilikuwa najua kuziba pancha. Kwa hivyo ninapomsikia mtu mzima akisema baskeli haina kazi skulini, siwezi kunyamaza. Mtoto anayefika langoni na baskeli anatusogezea maabara mlangoni, na skuli zetu nyingi maabara hazina.

Nianze na yule aliyevunjika mkono, maana wazazi wana haki ya kujibiwa kwanza kwa hilo.

Baskeli nyingi za kwetu ni zile kubwa za inchi 28, zenye rimu za chuma na breki za fito. Rimu ya chuma ikirowa, maji hukaa kati ya raba ya breki na chuma, msuguano hupungua mno, na mtoto akivuta breki huhisi kama hakuvuta kitu. Raba lazima ifute maji kwanza ndipo ishike. Mtu aliyezoea huanza kuibana breki kidogo kidogo angali juu, kabla hajauanza mteremko, ili akiihitaji aikute rimu imeshakauka. Nani amemfundisha mtoto jambo hilo? Darasani amekariri kwamba msuguano ni kani inayozuia mwendo, akapata alama zake, kisha akatoka nje kwenye mvua na baskeli ya kaka yake yenye raba zilizolika mpaka chuma kinasaga chuma.

La pili ni zito zaidi. Watoto wengi, na watu wazima wengi pia, wanadhani kwamba mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama nayo yanazidi mara mbili. Yanazidi mara nne. Nishati iliyomo ndani ya kitu kinachokwenda hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendokasi wake, na breki ndiyo yenye kazi ya kuimaliza nishati yote hiyo kwa kuigeuza joto. Kama kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa mtoto anasimama ndani ya mita 2, basi kwa kilomita 20 atataka mita 8, na kwa kilomita 30 atataka mita 18. Hapo sijahesabu mita anazozipita tangu anapoona hatari mpaka vidole vinapofika kwenye breki. Kwa kilomita 20 kwa saa, kila sekunde anayochelewa ni mita tano na nusu. Anayeujua mteremko wa kutoka mjini Wete kushuka bandarini aufikirie huo, kisha afikirie mtoto aliyempakiza mwenzake kwenye keria.

Somo hili nalitolea kiwanjani, pahala tambarare. Napiga mstari wa chokaa. Mtoto anakuja taratibu, gurudumu la mbele likigusa mstari anabana breki, tunapima kwa futi kamba. Anarudi tena kwa mwendo wa kasi zaidi, tunapima. Safari ya tatu tunamwagia rimu maji. Sijapata kuona somo linalowanyamazisha watoto kama lile, maana kamba haina upendeleo na kila mmoja anaona kwa macho yake chokaa iko wapi na baskeli imesimama wapi.

Kuna na hili la breki ya mbele. Tumezoea kuwaambia watoto wasiiguse kabisa, watabinuka. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Baskeli ikisimamishwa, uzito wa mpandaji husogea mbele, gurudumu la mbele hukandamizwa chini na la nyuma huwa jepesi. Ndiyo maana breki ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma, na ndiyo maana hiyo hiyo anayeikamata kwa ghafla hurushwa juu ya usukani. Na anayetegemea ya nyuma peke yake huburura tairi mchangani na kuteleza. Inatakiwa kubana zote mbili, polepole kisha kwa nguvu, huku mwili umerudishwa nyuma ya tandiko. Mtoto wa miaka kumi analielewa vizuri sana akielezwa sababu. Akipewa amri bila sababu, anaitii mpaka siku ya hatari, halafu mkono unafanya unachojua.

Sasa, Mhariri, niende kwenye yale yanayonifanya niipende kazi hii.

Geuza baskeli juu chini, isimame kwa usukani na tandiko. Funga uzi mwekundu kwenye tairi, kisha iweke sawa na uisukume mpaka uzi ugusane na ardhi mara ya pili. Umbali baina ya mguso wa kwanza na wa pili ndio mzingo wa gurudumu, kwenye hizi za inchi 28 ni kama mita 2 na sentimita 20. Pima kipenyo, karibu sentimita 70. Gawanya mzingo kwa kipenyo. Watoto wanapata tatu na kitu, wanashtuka, wanakwenda kupima gurudumu la baskeli ndogo, wanapata tatu na kitu. Wanapima sinia ya bibi yao. Namba ile ile. Pai tuliyokuwa tukiwapa kama amri wanaiokota wenyewe.

Kisha tunahesabu meno. Baskeli yangu ina meno 48 pale penye pedeli na 20 nyuma. Gawanya 48 kwa 20 unapata 2.4: mguu ukizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili na sehemu nne za kumi. Zidisha kwa mita 2.2, unapata mita tano na ushei kwa kila mzunguko wa mguu. Mtoto aliyekuwa akinililia kwamba desimali hazimwingii alikwenda kuzihesabu baskeli zote za mtaani, akaja kuniambia ya muuza samaki ni nzito mlimani kwa sababu nyuma ina meno machache. Kweli kabisa. Alichofaidi kwenye tambarare anakilipa anapopanda, na Pemba yetu hii ya vilima na mabonde malipo hayo ni ya kila siku. Wenzetu wa Unguja wana ardhi ya bapa kuliko yetu, lakini sisi ndio tuliojaaliwa kitabu cha milima.

Baada ya kuhesabu meno ndipo ninapowaonyesha picha ya zile baskeli za kale za miaka ya 1870, zenye gurudumu la mbele refu kuliko mtoto na la nyuma dogo. Kwanza wanacheka. Kisha nawauliza: ikiwa pedeli imefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu na mnyororo hakuna, utafanyaje ili mguu ukizunguka mara moja uende mbali? Daima yuko mmoja anayejibu kwamba utalikuza gurudumu. Ndivyo walivyofanya. Gurudumu la kipenyo cha mita moja na nusu lina mzingo wa mita 4.7, na haliwezi kuzidi sana hapo kwa sababu urefu wa miguu ya binadamu una kikomo. Mpandaji alikaa juu, na akianguka alianguka kutoka juu. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akatoa baskeli yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Meno ya chuma yakafanya kazi ya gurudumu refu. Baskeli iliyoegeshwa nje ya msikiti wa Jadida leo ni ya ukoo huo huo. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya tairi ya upepo, baada ya kuifungia kwanza baskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la mizani, kwa sababu ndilo linalonishangaza hata mimi niliyezeeka nalo.

Baskeli ikisimama bila kushikwa inaanguka. Ikienda haianguki. Kwa nini? Watoto wetu wanaoendesha ringi kwa kijiti wanalijua fumbo hili tangu wana miaka minne: ringi likipungua mwendo linaanza kuyumba na kulala. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mzunguko wa magurudumu ndio peke yake unaoishikilia baskeli wima. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones, mtaalamu wa kemia, alifunga ubavuni mwa gurudumu la mbele gurudumu jingine lisilogusa ardhi, akalizungusha kinyume ili liufute ule mzunguko wa kwanza. Akapanda, na baskeli ikaendesheka. Mwaka 2011 watafiti wa Delft, Uholanzi, na wa Cornell, Marekani, walitengeneza baskeli iliyoondolewa nguvu ya mzunguko wa magurudumu na pia ule mpangilio wa uma wa mbele unaolifanya gurudumu lifuate nyuma ya usukani. Wakaisukuma bila mpandaji, ikaenda na kujisimamisha yenyewe.

Wanachokubaliana wataalamu ni hiki: baskeli inapoanza kulalia upande, usukani unageukia upande huo huo, na magurudumu yanarudi chini ya uzito. Mtoto anayejifunza hufanya kinyume. Akihisi anaangukia kulia, anageuza kushoto kwa hofu, na anakwenda chini. Mwambie ageuzie kule anakoangukia, atazame mbali mbele wala asitazame gurudumu, na asiende taratibu mno. Lakini zaidi ya hayo nataka mtoto wa Wete ajue kwamba chombo anachokwendea dukani kununua boflo bado kinaandikiwa makala na wanasayansi, na maswali yake hayajesha. Sayansi tunayoisomesha kama kitu kilichokamilika zamani, ng'ambo, na watu wengine, inamkimbiza mtoto. Mpe swali ambalo wakubwa nao wanahangaika nalo uone macho yake.

Na jinsi ya kumfundisha kupanda: tusimsukume na kumwachia, kama tulivyofanyiwa sisi. Tafuta baskeli ndogo, fungua pedeli zote mbili, shusha tandiko mpaka nyayo ziguse ardhi, mwache ajisukume kwa miguu. Akishaweza kunyanyua miguu na kuteleza bila kuyumba, rudisha pedeli. Karl von Drais alipoonyesha chombo chake cha magurudumu mawili mjini Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817, hakikuwa na pedeli. Mpandaji alijisukuma kwa nyayo. Mtoto anaanza pale pale baskeli ilipoanzia.

Mengine nitayapita haraka. Zile taa za dainamo zinazojisugua kwenye tairi zinatosha kueleza ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831: sumaku ikizunguka karibu na waya, umeme unazaliwa. Mtoto anahisi pedeli ikiwa nzito punde dainamo inapogusa tairi, naye anajua tangu siku hiyo kwamba mwanga una gharama. Gololi za ndani ya ekseli, ukizitoa na kuziosha kwa mafuta ya taa, zinaeleza tofauti ya kuburura na kubingirisha kuliko mchoro wowote. Gunia la majani ya ng'ombe kwenye keria linafundisha kitovu cha uzito. Waulizeni vijana wanaopanda kilima na mzigo nyuma kwa nini usukani unakuwa mwepesi na gurudumu la mbele linataka kunyanyuka. Wanajua kuinama mbele. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba wanachokifanya ni fizikia.

Jambo moja sitaki lipite haraka, nalo ni watoto wa kike. Huko Makunduchi na Jambiani, Unguja, mwanamke kupanda baskeli ni jambo la kawaida, mtandio kichwani na mzigo nyuma. Kwetu zipo nyumba ambazo msichana anaambiwa si heshima, huku kaka yake anafika skuli hajatoka jasho na yeye anafika amechoka, kipindi cha kwanza kishaanza. Mimi nilipanda baskeli na buibui langu, baba akiwa ndiye aliyenifungia kava ya mnyororo ili nguo isinaswe. Zipo fremu zilizoshushwa bomba la kati kwa ajili hiyo. Marufuku ikipita, wa mwanzo kupoteza watakuwa hao wanaokaa mbali, na miongoni mwao wasichana, kwa sababu wao ndio ruhusa yao ilikuwa nyembamba tangu mwanzo.

Kwa hivyo nawaomba walimu wakuu na kamati za skuli, na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, waichukulie baskeli kama kifaa cha kusomeshea. Haihitaji bajeti ya kutisha. Baskeli moja kuukuu, futi kamba, chaki, uzi, pampu na simu yenye saa ya kupimia sekunde vinatosha mada nzima ya mwendo. Fundi baskeli yuko karibu katika kila kijiji. Aalikwe darasani, aheshimiwe, apewe chai, aulizwe maswali. Askari wa usalama barabarani naye aje aeleze upande wa kupita, taa na riflekta. Na kila Jumatatu asubuhi baskeli za wanafunzi zikaguliwe langoni: raba za breki, upepo, mnyororo, kengele. Yenye kasoro ibaki skuli mpaka itengenezwe, na mzazi aitwe. Huo ndio ukali ninaoukubali.

Ningependa pia mitihani ya ndani iwe na swali angalau moja ambalo haliwezi kujibiwa bila kwenda nje kupima. Ndugu zangu walimu watasema muda hautoshi na darasa ni kubwa. Nimesomesha darasa la watoto wanaokaa wanne dawati moja, naujua ukweli wa maneno hayo. Lakini darasa kubwa kiwanjani huwa dogo: hawa wanapima, hawa wanaandika, hawa wanashika saa, na wale wakorofi wa nyuma ndio wanaojua kufungua nati.

Kwa wazazi wa skuli ile ninalo ombi moja. Kabla ya kunyanyua mkono kwenye kikao kijacho, njooni na baskeli za watoto wenu saa moja kabla. Fundi wa mtaani kwangu amekubali kuja na spana zake, na mimi nimenunua raba za breki. Baskeli itakayokutwa imelika itabadilishiwa hapo hapo bila malipo, kisha tutapiga mstari wa chokaa, na kila mzazi atapima mwenyewe mtoto wake anasimama wapi.

Wassalaam,

Mwalimu mstaafu,
Jadida, Wete,
Pemba